Kushika na Kuachia

Watengenezaji wa ala za bastola wana jaribio moja wanalolifanya kabla ya kujisifu. Bastola hukaguliwa kwanza: risasi zote hutolewa, chemba hutazamwa kisha huguswa kwa kidole, kwa sababu macho hudanganya. Halafu huchomekwa ndani ya ala, na ala hugeuzwa mdomo chini juu ya godoro na kutikiswa. Bastola ikianguka, kazi haijaisha. Isipoanguka, linafuata jaribio la pili, ambalo wengi hulisahau: mpini hushikwa na kuvutwa mara moja, kwa mkono mmoja, na bastola lazima itoke bila ubishi. Hakuna kifungo wala kamba wala chuma cha kubana. Ni ngozi tupu inayotakiwa ishike na iachie, mambo mawili yanayogombana, na ufundi wote ninaotaka kuusifu hapa umo katika kuyapatanisha.

Wasomaji wangu wengi hawana bastola wala hawana haja nayo. Kwetu silaha ya moto ni jambo la kibali na maswali ya polisi, na mwenye nayo haitangazi. Lakini ala tunaijua siku nyingi. Morani wa Kimaasai huvaa sime kiunoni, imelala kwenye ala ya ngozi nyekundu. Jambia la Kiomani, lililovuka bahari hadi Unguja, hukaa katika ala iliyopinda na kupambwa kwa fedha, na mtu huitazama ala kabla hajayafikiria makali yaliyomo. Ala hizo zina urahisi mmoja: chuma kinachoingia ndani ni bapa. Hata kikipinda, kinaingia na kutoka kwa njia ileile. Bastola ina mtutu, kizingo cha kifyatulio, vilengeo viwili, vitufe vya pembeni, na mpini unaokwenda upande wake kabisa. Kuivika ngozi inayobana kila mahali bila kukwama popote ni kazi ngumu, na kinachonivutia ni kwamba nchini Marekani kazi hiyo imekuwa ya kujifurahisha. Wapo wanaoifanya kwenye meza ya jikoni vyombo vya chakula cha usiku vikishaoshwa, wapo wanaoifanya kwenye banda la gari, na wengi wao hawajawahi kushona hata kitufe cha shati.

Mapenzi haya ya ngozi majumbani yana historia inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1919 huko Fort Worth, Texas, Norton Hinckley na Dave Tandy walianzisha kampuni ya kuwauzia mafundi viatu ngozi za soli na vifaa vyao. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Charles Tandy, mtoto wa Dave, alikuwa katika jeshi la wanamaji, akaona jinsi wanajeshi hospitalini walivyopewa vipande vya ngozi na zana ndogo ili mikono ipate shughuli na akili ipate pumziko. Aliporudi aliigeuza biashara ya baba yake ielekee huko: ngozi, zana na vifurushi vya kujifunzia, kwa mtu yeyote mwenye meza. Kizazi hichohicho cha askari ndicho kilichomtoa Al Stohlman, mchoraji na fundi aliyejifunza bila mwalimu, akaja kuwa mwalimu wa maelfu asiowajua kwa vitabu alivyoviandika na kuvichora mwenyewe. Kimoja ni cha ala za bastola. Kingine, cha mwaka 1977, ni cha kushona ngozi kwa mkono, na ndani yake kila pembe ya sindano imechorwa kwa wino kwa uvumilivu ambao kamera haina. Na katika miaka ya 1950 huko California, polisi mmoja aitwaye John Bianchi alianza kutengeneza ala nyumbani kwake baada ya kazi. Jina lake likaja kuwa la kiwanda kizima. Kwa hiyo anayeanza leo kwenye banda la gari hana sababu ya kuona haya.

Umbo la ala nalo limepita njia ndefu. Wapanda farasi wa jeshi la Marekani katika karne ya 19 walibeba bastola ndani ya ala yenye kifuniko kikubwa, kwa sababu adui wa kwanza wa bastola ya mpanda farasi ni mvua, vumbi na kuanguka. Wachimba dhahabu wa California walitaka kitu chepesi zaidi, na mafundi wa matandiko wakawakatia ala nyembamba iliyofuata mstari wa bastola, bila kifuniko. Baadaye, kwenye miaka ya 1870, wachunga ng'ombe wakapenda mtindo wa Kimeksiko: ngozi moja pana, nusu yake inakunjwa nyuma na kutobolewa, na mfuko wa bastola unapenyezwa kwenye mikanda iliyoachwa na matobo hayo. Hauhitaji kushonewa njia ya mkanda. Ngozi inajifunga yenyewe. Ni akili ya hali ya juu iliyofichwa kwenye kitu kinachoonekana cha kishamba, na kwa maoni yangu hakuna umbo lililowahi kuupita kwa busara.

Zile ala za sinema zinazoning'inia chini ya mkanda, zimefungwa pajani kwa kamba, ni za Hollywood. Mchunga ng'ombe wa kweli angezichukia siku ya kwanza juu ya farasi. Fundi aliyeheshimika huko studio, Arvo Ojala, aliweka bati ndani ya ngozi ili rivolva izunguke na kutoka bila kuguswa na chochote, na waigizaji wakaonekana wepesi kuliko walivyokuwa. Umbo la maana kwa watu wa kazi lilitoka kwingine, El Paso, mpakani mwa Meksiko, ambako mlinzi wa sheria Tom Threepersons alimwomba fundi S. D. Myres apunguze kila kisichohitajika: ngozi iishie mahali mkono unapoanzia, bastola isimame ikiwa imeinama kidogo mbele, basi. Mtindo huo unaitwa kwa jina lake mpaka sasa.

Tuje kwenye ngozi, maana hapo ndipo wanagenzi wengi hupotea. Ngozi nyingi tunazovaa na kukalia zimesindikwa kwa chumvi za kromu. Ni kazi ya siku moja hivi, na ngozi hutoka laini, yenye kustahimili maji. Kwa ala haifai. Ngozi laini haikai na umbo ulilolipa, na chumvi zilizobaki ndani yake zinaweza kuila metali polepole. Inayotakiwa ni ile iliyosindikwa kwa mimea, iliyokaa wiki kadhaa katika maji ya magome hadi tanini ikapenya moyoni mwake. Hutoka ngumu, ya rangi ya mkate ambao haujaiva vizuri, na ina harufu tamu ya msitu. Viwanda vinavyoitengeneza Marekani vimebaki vichache: Hermann Oak wa St. Louis, wanaofanya kazi tangu 1881, na Wickett & Craig, walioanzia Toronto mwaka 1867 na sasa wako Curwensville, Pennsylvania. Hawa wa Pennsylvania huchanganya kwebracho na mimosa. Hiyo mimosa ya wafanyabiashara si nyingine ila muwati, mti wa asili ya Australia unaojulikana vema kwenye vilima vya Njombe, ambako kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake, na pia kwenye nyanda za juu za Kenya. Anayebandua gome la muwati Njombe na anayekata ala Texas hawajuani, lakini wanafanya kazi kwa dawa ileile.

Unene hupimwa kwa aunsi, desturi ya ajabu kidogo: aunsi moja ni sehemu ya 64 ya inchi, kama milimita 0.4. Ala ya kawaida hutaka aunsi 7 hadi 9, yaani karibu milimita 2.8 hadi 3.6. Nyembamba zaidi hujikunja, nene zaidi hukataa kuinama. Vilevile kuna suala la sehemu ya mnyama. Ngozi ya mgongoni na begani ina nyuzi zilizoshikamana. Ya tumboni ni rahisi kwa bei, lakini ng'ombe alikuwa analipanua tumbo hilo kila siku ya maisha yake, na ngozi haijasahau. Itaendelea kunyumbuka hata ikiwa ala.

Baada ya hapo kisu hakiguswi kwa muda mrefu. Kinachoguswa ni penseli. Bastola hulazwa juu ya kadi ngumu, na mzunguko wake huchorwa penseli ikiwa imesimama wima, isiegemee. Mchoro huo ni kivuli tu cha bastola, na anayekata ngozi kwa kufuata kivuli atapata ala isiyoingia hata mtutu. Ngozi lazima ipande juu ya unene wa chuma na kushuka upande wa pili. Hesabu wanayofundishana mafundi ni nyepesi: chukua nusu ya unene wa bastola, ongeza unene wa ngozi, na huo ndio umbali kutoka kwenye mstari wa penseli hadi mstari wa mshono. Kwa bastola ya Colt ya mwaka 1911, ile aliyoibuni John Browning, sehemu ya juu ina unene wa milimita 23 hivi. Nusu yake ni 11 na ushee. Ongeza 3 za ngozi, unapata kama 15. Nje ya mshono huachwa ukingo wa kushikilia uzi, na nje zaidi, kwa mtindo wa vipande viwili unaopendwa na wanaoanza, huachwa mabawa mawili ya kutobolea njia za mkanda.

Kumbe hata hesabu hiyo ni mwanzo wa mazungumzo. Kwenye kizingo cha kifyatulio bastola ni nyembamba, kwa hiyo mshono unaweza kusogea karibu, na hapo ndipo ala inapopata nguvu ya kushika. Kwenye kilengeo cha mbele mambo ni kinyume: hapo panahitajika njia iliyo wazi, ama sivyo kilengeo kitakwaruza ngozi kila bastola inapotoka na kujaa unyoya wa ngozi. Wengine huweka kijiti chembamba cha mbao juu ya kilengeo wakati wa kuunda, ili kibaki na mfereji wake. Fundi mvumilivu hukata kiolezo, hukikunja, hukibana kwa vibanio, hukichungulia, hukitupa, hukata kingine. Kadi ni bei ya bure. Nimeona picha za meza za watu hawa zikiwa na violezo vimerundikana, vimeandikwa tarehe na masahihisho kwa kalamu, na naviona vina uzuri wake: ni mawazo yanayoonekana yakibadilika.

Ngozi ikishakatwa, pande mbili huunganishwa kwa gundi ileile ya mafundi viatu, kwenye ukingo tu, na mstari wa mshono huchorwa kwa bikari milimita chache kutoka pembeni. Halafu matundu huwekewa alama, sita au saba kwa kila inchi. Halafu unafika mshono, na hapa naomba tukae.

Cherehani hufunga nyuzi mbili zinazokutana katikati ya ngozi, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini. Ni mshono mzuri kwa nguo. Lakini uzi mmoja ukikatika, jirani zake hulegea, na jirani za jirani. Watengeneza matandiko ya farasi walikuwa na njia nyingine, na ndiyo anayoitumia mtu wa ala. Uzi ni mmoja, wa kitani au poliesta, umepitishwa kwenye nta ya nyuki mpaka unanata, urefu wake mara nne ya mshono wenyewe, na una sindano kila ncha. Sindano hizo hazina makali. Kazi ya kutoboa ni ya msharasi. Ngozi hubanwa kwenye koleo la mbao linaloshikiliwa kwa magoti, ili mikono yote miwili iwe huru. Msharasi, wenye ncha ya pembe nne, huingia ukiwa umeinama kidogo, na tundu linalobaki ni kama mkato mdogo ulioegemea upande mmoja. Sindano ya kushoto hupita. Kabla haijavutwa mpaka mwisho, ya kulia huingia tundu hilohilo, chini yake au juu yake, lakini kila mara mahali palepale, bila kuuchoma uzi uliotangulia. Kisha mikono yote miwili huvuta kwa nguvu zilizo sawa, na uzi huzama kwenye ngozi kwa sauti ndogo ya nta.

Kwa hiyo kila tundu lina nyuzi mbili zinazopishana, na kila uzi hupita pande zote mbili. Ukikata mshono mmoja kwa kisu, mingine hubaki imeshika. Ndiyo maana tandiko la zamani huweza kuchakaa ngozi uzi ukiwa bado mzima. Lakini sifa ya mshono huu haimo kwenye nguvu peke yake. Umo ndani yake ushuhuda. Mtu akibadili utaratibu katikati, akaanza na sindano ya kulia pale alipokuwa anaanza na ya kushoto, mistari itageuka upande, na hata mgeni asiyejua kitu ataona kwamba hapa pana jambo. Akivuta kwa hasira, ngozi itakunjamana. Akichoka, matundu yatapinda. Mshono wa ala ni urefu wa shubiri mbili hivi, jioni nzima ya mwanagenzi, na anayeusoma anaweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo simu ililia.

Waswahili walisema ngozi ivute i maji. Methali hiyo imezoeleka kwa wazazi na walimu, lakini walioitunga bila shaka walikuwa na ngozi mikononi, na watengenezaji wa ala wangewakaribisha mezani mara moja. Ala iliyoshonwa bado ni bahasha bapa. Umbo huja kwa maji. Hutumbukizwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa sekunde chache, na vipovu hutoka kwenye ngozi kwa mfululizo hadi hewa inapoisha. Rangi hugeuka kahawia iliyokolea. Sasa mwanagenzi huwa na pupa ya kuichomeka bastola papo hapo, na hapo methali ingehitaji maelezo ya ziada, maana ngozi iliyolowa chepechepe haishiki kitu; inaminyika kisha inarudi ilivyokuwa. Lazima ingojwe. Maji ya juu yanaondoka, ya ndani yanasambaa, na rangi huanza kurudi pembeni kama kumepambazuka. Hakuna saa inayoweza kusema ni lini. Mafundi huigusisha ngozi shavuni: ikiwa ni ya baridi lakini hailoweshi, wakati umefika, na hautakaa sana.

Wanaofanya kazi hii mara kwa mara hununua bastola bandia za plastiki ya buluu, zenye vipimo vya ile halisi hadi kitufe cha mwisho, na huo ni uamuzi wa busara kwa kila namna: haina chemba ya kusahaulika, na haipati kutu. Anayetumia ya kweli huifunga kwa plastiki nyembamba baada ya kuikagua tena. Huiingiza, huikalisha sawa, kisha huanza kuibonyeza ngozi kwa vidole gumba. Pete zimevuliwa, kucha zimekatwa, kwa sababu ngozi katika hali hii hupokea kila alama na haitoi msamaha. Kwanza hubonyeza kuzunguka kizingo cha kifyatulio. Kisha mfereji ule mahali sehemu ya juu ya bastola inapokutana na fremu. Kisha dirisha la kutokea maganda ya risasi. Kipande cha mfupa kilicholainishwa hufuata mistari ambayo kidole ni kinene mno kuifikia.

Na hapa pana kishawishi. Ngozi ikishaanza kutii, mtu anatamani kila kitu kionekane: kila skrubu, kila herufi iliyochongwa kwenye chuma. Ala za namna hiyo hupendeza sana kwenye picha. Lakini kila kona iliyobanwa kupita kiasi ni mahali pa kukwama, na mafundi ninaowaheshimu zaidi huacha mapema. Hubana pale panaposhika, yaani kizingo na dirisha, na kwingine huiacha ngozi ipite juu ya umbo kwa utulivu. Ni uamuzi unaohitaji mtu aliyekwisha kujua kwamba hana haja ya kuonyesha anachoweza.

Bastola ikitolewa, ala hukaushwa bila haraka, siku nzima kwenye hewa au kwa joto dogo la kama nyuzi 50. Kwenye moto mkali hukakamaa na kupasuka. Ikikauka taratibu hugonga kama ubao.

Plastiki iliyofungwa kwenye bastola ina sababu nyingine, na ni mojawapo ya mambo ninayoyapenda zaidi katika kemia ya kazi hii. Tanini na chuma vikikutana penye unyevu hutoa weusi. Tone la maji lenye kutu, msumari uliosahauliwa mezani, hata vumbi la chuma kutoka kwenye tupa, huacha doa la buluu-nyeusi lisilofutika kirahisi. Mafundi wa zamani waliigeuza balaa hiyo kuwa rangi. Waliloweka vipande vya chuma ndani ya siki hadi vikayeyuka, wakaipaka ngozi maji hayo, na ngozi ikawa nyeusi kabisa papo hapo. Weusi huo haukai juu ya ngozi kama rangi ya dukani. Ngozi yenyewe imegeuka, kwa hiyo hauambukizi shati.

Mafuta ni jambo la dakika chache, na watu hulizidisha. Mafuta ya miguu ya ng'ombe yanarudisha uhai uliotolewa na maji, tabaka moja jepesi, basi. Anayeyamimina kwa upendo hulainisha kile alichohangaika kukifanya kigumu. Nakshi nazo nitazipita, ingawa ile inayogongwa kwa muhuri mdogo mpaka ngozi ionekane imesukwa kama ukili hunifanya nisimame kila ninapoiona.

Kingo ni habari nyingine. Ukitaka kujua kama aliyetengeneza ala alikuwa na haraka, usitazame mbele, tazama ukingo. Ngozi mbili zilizounganishwa zina ufa katikati na nyuzi zinazochungulia. Pembe hupunguzwa kwa kisu kidogo maalumu, ukingo hupigwa msasa mkavu, kisha laini zaidi, kisha laini kabisa, halafu hulowanishwa kidogo na kusuguliwa kwa mti mgumu hadi upashe joto. Unasugua, hakuna kinachotokea. Unasugua tena. Ghafla nyuzi zinalala, ufa unapotea, na ukingo unakuwa kitu kimoja kinachong'aa. Wengi huacha kabla ya hapo kidogo tu.

Lipo jambo moja ambalo si la urembo hata kidogo, nalo ni mdomo wa ala. Mkono unaoirudisha bastola hauangalii. Ngozi ya mdomo ikiwa imechoka na kujikunja kwa ndani, inaweza kuingia ndani ya kizingo na kufanya kazi ya kidole. Watu wamejijeruhi miguu namna hiyo. Kwa hiyo mdomo huongezewa ukanda wa pili wa ngozi ngumu, unaoushikilia wazi hata bastola isipokuwepo, na kizingo chote hufunikwa ili kifyatulio kisifikiwe na chochote. Ala iliyolegea hairekebishwi. Hukatwa vipande na kutupwa, hata ikiwa na nakshi za wiki nzima. Hilo ndilo linalonifanya niuheshimu ufundi huu kuliko ufundi mwingi wa mapambo: una mahali ambapo uzuri hausikilizwi.

Siku hizi ala nyingi ni za plastiki ya Kydex, inayopashwa moto, kufinyangwa kwa dakika chache na kuwa tayari kabla chai haijapoa. Haiogopi mvua wala jasho, mdomo wake haujikunji kamwe, na polisi wengi wamehamia huko kwa sababu za maana. Sioni haja ya kuisema vibaya. Ila plastiki hiyo imemaliza kujifunza siku iliyotoka kwenye moto. Ala ya ngozi ikiwa mpya hubana mno, hata bastola hutoka kwa kunung'unika, na mwenye nayo huambiwa aifunge bastola tupu kwa karatasi ya nta, aichomeke, aiache hadi asubuhi, kisha azoee kuitoa na kuirudisha ikiwa haina risasi mpaka ngozi ilegee kwa kadiri yake. Baada ya hapo mkanda huanza kuvuta mabawa kuelekea mwilini, joto la mwili na jasho vinafanya yale ambayo maji ya uvuguvugu yalifanya siku ya kwanza, na upande wa nyuma unajipinda kufuata nyonga ya mvaaji. Ikipita miaka miwili, usithubutu kuiazima ya rafiki yako: itakuchoma ubavuni kutwa nzima, na yeye akiivaa atakuambia hata haisikii.